Honi Tatu Barabara ya Tunduma

Kwenye msiba wa Mulenga walinikalisha chumba cha akina mama, mgongo ukutani, kwa heshima ya umri wangu. Chumba kilikuwa kimetolewa vitanda na kabati, na mahali vilipokaa miaka yote sakafu ilikuwa na rangi tofauti. Mwanamke mmoja kijana, nadhani mkwe wa marehemu, aliniletea chai ya maziwa na viazi vitamu, akachutama mbele yangu akaniuliza taratibu, "Bibi, samahani, wewe kwa marehemu ni nani?" Nilifikiri. Si ndugu yake. Hatukusali kanisa moja. Yeye alizaliwa upande wa pili wa mpaka, akaja huku na lori. Nikamwambia, "Aliligonga gari letu la ng'ombe." Yule kijana akanitazama kidogo, akafunika kikombe changu na kisahani, akaenda kumnong'oneza mwenzake. Bila shaka walidhani bibi amechoka, maneno yamemchanganyika. Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, lakini maneno hayakuwa yamechanganyika. Nilikuwa nimesema kweli yote, ila kwa ufupi mno.

Mwaka alipoligonga ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kuolewa, hapa Mpemba, kabla sijapata mtoto. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na Malkia alikuwa bado mgeni kwenye picha za ofisini. Mume wangu Yohana alikuwa na gari la ng'ombe, la mbao, magurudumu yamevishwa mkanda wa chuma, na ng'ombe wawili aliowaita Hakimu na Karani, kwa sababu alipenda, alivyosema, kumpigia kelele hakimu mbele za watu bila kufungwa. Tuliishi nyumba ya vyumba viwili vya tofali mbichi. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni na cha nira, maana nira ilitundikwa ukutani juu ya viti, ikanuka jasho la ng'ombe hata siku za mvua. Cha nyuma kilikuwa chetu. Ukuta uliovigawa haukufika kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa mbele nilikisikia nikiwa kitandani au nikichambua maharage, na mengi ninayoyajua ya mwaka ule niliyapata kwa kupitia pale juu. Mama mkwe aliishi nyumba ya jirani, ua ni mmoja, na jiko lake ndilo lililokuwa jiko letu sote.

Kazi ya gari la ng'ombe ni ya watu wawili. Mmoja anatangulia ameshika kamba, anawaongoza. Mwingine yuko juu ya mzigo au nyuma, na fimbo. Mwenzake Yohana aliondoka mwaka ule kwenda migodini kusini, kama walivyokuwa wakiondoka wengi, na mwingine hakupatikana. Kaka yake, shemeji yangu Festo, alikuwa na gari lake mwenyewe. Basi asubuhi moja, tukiwa tumemaliza uji, Yohana alinipa kamba bila kunitazama akasema, "Leo utanisaidia mpaka Tunduma tu." Ikawa leo hiyo, na kesho yake, na mwaka mzima. Tulibeba ulezi na mahindi kwenda Tunduma, tukarudi na chumvi na sabuni za wenye maduka. Mara mbili tulishuka hadi Msangano kufuata mpunga. Wanawake walicheka kuniona nimetangulia ng'ombe kanga imefungwa kiunoni, halafu wakazoea. Miguu yangu haikuzoea. Jioni niliiloweka kwenye beseni, na mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa maneno laini, aliniongezea maji ya moto bila kuombwa.

Watu wa leo hawawezi kuijua barabara ile. Ilikuwa ya udongo na changarawe, nyembamba, imeinuka katikati na mitaro mirefu pande zote mbili. Kiangazi ilitoa vumbi, na masika ikawa tope lililofika kwenye ekseli. Miaka ya nyuma, walisema wazee, lori lilikuwa jambo la kuhadithia wiki nzima. Mwaka ule malori yalikuwa mengi, yakitoka Mbeya kwenda Rodeshia na kurudi, na madereva walikuwa na haraka. Ng'ombe huwezi kumweleza lori ni nini. Anasikia muungurumo nyuma yake, anasikia honi, na mwili wake wote unamwambia akimbie, naye amefungwa nira na mwenzake na gunia kumi. Ukimvuta pembeni, pembeni ni mtaro. Kila siku tulifanya uamuzi uleule mara tatu, mara nne: tusimame katikati tutukanwe, au tutoke tuanguke. Jioni uani magari yalipofunguliwa hapakuwa na mazungumzo mengine. Festo alikuwa akisema barabara ile ilichimbwa na baba zetu kwa majembe yao wenyewe, wakilala porini, wakila mtama mbichi, na sasa wana wao wanafukuzwa juu yake kama kuku. Alilisema hilo mara nyingi, na lilikuwa kweli kila mara.

Wiki ya ajali tulianguka mtaroni mara mbili. Jumatatu lori lilipita karibu, Hakimu akaruka, gurudumu likatumbukia, tukapakua magunia yote, tukalinyanyua gari, tukapakia upya. Jumatano vilevile, na gunia moja likapasuka, nikaokota ulezi kwenye mchanga kwa viganja hadi kucha zikauma. Madereva wote wawili hawakusimama. Ijumaa mchana, kwenye mteremko baada ya kutoka Mpemba, lori lilitupita likatuachia vumbi zito hata nisione pembe za ng'ombe niliowashika. Nikiwa ndani ya vumbi hilo nikasikia lori la pili nyuma. Lilipiga honi. Yohana alikuwa juu ya magunia, ana homa tangu asubuhi, na sauti yake ilikuwa kavu. "Shika hapohapo katikati," akasema. "Leo hatutoki. Atasimama yeye." Honi ikapigwa tena, karibu zaidi. Nilikuwa na muda wa kuvuta kamba. Hili nimelirudia kichwani maisha yangu yote na halibadiliki: nilikuwa na muda. Sikuvuta. Sitasema ni kwa sababu mume wangu alinikataza, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu, na ndani yangu nilikuwa nimechoka kutoka, nilitaka kwa mara moja tu mwingine atoke. Honi ya tatu ilikuwa mgongoni kwangu. Halafu mbao zikalia, kamba ikanichana kiganja, na nilipofungua macho nilikuwa nimekaa kwenye mtaro, vumbi linashuka polepole, na Karani amelala akijaribu kuinuka kwa mguu ambao haukuwepo tena mahali pake.

Yohana alikuwa chini ya gari. Dereva alishuka, mwanamume mfupi mwenye shati la kaki, akapiga magoti akaangalia, kisha akaita watu wa kazi za barabara waliokuwa mbele kidogo. Wakainua. Mguu wa kulia wa mume wangu ulikuwa umesagika kutoka goti kwenda chini. Dereva alivua shati lake akalifunga juu ya goti, akakaza kwa spana. Mikono yake ilijua inachofanya. "Dada, panda," akaniambia. "Kuna hospitali ya misheni. Nitaendesha, wewe mshike kichwa." Njia nzima hakusema kitu isipokuwa, kila tulipofika kwenye mashimo, "Pole, baba. Pole." Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mulenga.

Yohana alibaki hospitali, na dada yake mkubwa akaenda kukaa naye kumpikia. Mimi nilirudishwa nyumbani, kwa kuwa kulikuwa na shamba, na Hakimu aliyebaki peke yake, na polisi waliokuwa wanataka maelezo. Nilipofika uani nilikuta nyama. Watu wa barabara walikuwa wamemchinja Karani palepale, na Festo alikwenda na gari lake akaichukua. Mama mkwe alipika sufuria mbili. Majirani wote walikuja, na ugali wa ulezi, na wakala kwa utulivu kama watu wanavyokula msibani. Nilipewa kipande cha ini, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza damu kwenye kiganja. Nilikitia mdomoni, kikakaa. Mama mkwe aliniona. Alisogea, akaweka mkono wake chini ya kidevu changu kama mtu anavyomfanyia mtoto, akasema, "Tema hapa." Nikatema mkononi mwake, akainuka akaenda kumtupia mbwa, na hakuna aliyejua.

Mulenga aliamriwa asiondoke Tunduma hadi kesi isikilizwe. Lori lake lilishikiliwa, na mwenye lori akaajiri mtu mwingine. Alifikia kwa binamu yake, na baada ya siku nne alikuja Mpemba kwa miguu, na samaki wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Alisimama nje ya ua. Mama mkwe alikuwa anatwanga. "Mayo," akamwita, ndivyo Wabemba wanavyomwita mama, "mimi ndiye yule dereva." Mama mkwe aliendelea kutwanga mapigo kadhaa, akaegemeza mchi. "Umekula?" akamuuliza. Akamkalisha barazani akampa ugali na mlenda, na wale samaki akawaweka darini. Festo aliporudi akamkuta amekaa pale, aliingia chumba chetu cha mbele, nami cha nyuma nikamsikia akihema. Hakumfukuza, kwa kuwa mgeni alikuwa na chakula cha mama yake mkononi. Lakini alisema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wanaua halafu wanaleta kitoweo."

Alikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa nimeanza kumfundisha ndama mkubwa wa Festo kuvaa nira pamoja na Hakimu, na Mulenga akaomba ashike upande mmoja. Hakujua ng'ombe hata kidogo. Aliogopa pembe. Lakini siku moja aliomba apande juu ya gari, ambalo Festo alikuwa amelitengeneza, tukaenda naye hadi barabarani tukasimama pembeni. Lori likaja. Nilimwona Mulenga akishika ubao kwa mikono miwili. Lilipopita, alijifuta vumbi usoni. "Miaka sita naendesha," akasema, "sijawahi kuliona lori likija. Siku zote nimo ndani." Kisha akaniuliza, "Ile honi, mnaisikiaje?" Nikamwambia kwamba ng'ombe akiisikia haelewi kuwa anaambiwa atoke, anaelewa kuwa ameshakamatwa. Akauliza mimi je. Nikawageuza ng'ombe turudi. Nadhani alijua kwamba nilisikia zote tatu, na hakuniuliza tena.

Ndipo jioni moja, nikichambua maharage chumba cha nyuma, nikawasikia Festo na wenye magari wengine watatu chumba cha mbele. Habari ilikuwa imetoka bomani, kwenye ofisi za serikali, kwamba, ikithibitika magari ya ng'ombe ndiyo yaliyoziba njia, yatapigwa marufuku barabara kuu yote, kutoka Mbozi hadi mpakani. Tungelazimika kupita njia za mashambani, ambazo masika hazipitiki. Sauti ya mzee mmoja ikasema, "Basi yule mwanamke aseme dereva hakupiga honi." Mwingine akauliza, "Na je, alipiga?" Festo akajibu, "Hilo si swali." "Atafungwa," mwingine akasema. "Mgeni," akasema Festo, "hana watoto hapa. Sisi tuna watoto wangapi?" Hakulisema kwa ubaya. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa Festo amekufa zamani na hawezi kujitetea. Alilisema kama mtu anayebeba kitu kizito na hana mahali pa kukitua. Baadaye aliniita, akanipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Shemeji," akasema, "umetusikia. Najua ukuta huu." Nikainamisha kichwa. "Sikuamuru," akasema. "Nakuomba." Kama angeniamuru ingekuwa rahisi zaidi.

Sikulala vizuri wiki ile, na mchana nilisinzia nimeshika jembe. Nilikwenda hospitali kumwona Yohana nikitarajia ataniambia la kufanya. Alikuwa amelala katika chumba kirefu cha vitanda vingi, mguu umefungwa mbao, amekonda. Nilimweleza yote. Aligeuza uso ukutani. "Wewe ulikuwepo," akasema. "Mimi nilikuwa na homa." Basi nikarudi na hilo tu.

Kesi ilisikilizwa bomani, katika chumba chenye madirisha makubwa na harufu ya wino. Hakimu wa kesi alikuwa Mzungu mzee kiasi, mwenye kikohozi, na mkalimani alikuwa Mnyakyusa aliyesema Kiswahili cha vitabuni. Watu wetu walijaa benchi la nyuma. Nilisimama, nikaapa. Niliulizwa kama dereva alipiga honi. "Alipiga," nikasema. "Mara ngapi?" "Tatu." Nilisikia benchi la nyuma likisogea. "Mlizisikia?" "Mimi niliyeshika kamba nilizisikia." "Kwa nini basi hukutoka?" Nikasema, "Niende wapi, bwana? Pembeni ni mtaro. Jumatatu nilitoka, tukaanguka. Jumatano nilitoka, tukaanguka. Ijumaa nilikuwa nimechoka kutoka." Mkalimani alitafsiri, na nadhani alitafsiri vizuri, maana yule Mzungu aliweka kalamu chini akanitazama. Sikumtaja Yohana. Akaitwa Mulenga. Baada ya maneno yangu angeweza kunyamaza tu akaenda zake. Akasema, "Nilipiga honi, lakini sikupunguza mwendo. Nilidhani nikishapiga honi kazi yangu imekwisha, iliyobaki ni yao." Akaulizwa kama anafahamu anachokisema. Akasema anafahamu.

Alinyang'anywa leseni kwa mwaka mmoja. Magari ya ng'ombe hayakupigwa marufuku, lakini tuliamriwa yatembee mchana tu, yatundike kitambaa chekundu nyuma, na sisi wenyewe wenye magari tufukie mitaro sehemu sehemu, pawe na mahali pa kutokea, kutoka Mpemba hadi Tunduma, kabla ya mvua. Malori nayo yakaamriwa kupunguza mwendo pale ng'ombe wanapotoka. Hakuna aliyefurahi. Watu wetu walisema nimewaletea kazi ya kulazimishwa kwa mdomo wangu. Kisimani wanawake walikuwa wakinyamaza nikifika, wakisubiri nijaze niondoke. Festo aliacha kula kwa mama yake siku ambazo nimepika mimi. Tulichimba wiki nyingi, kwenye jua lile la mwisho wa kiangazi, tukibeba mawe kwa karai. Nami nilichimba, zamu yangu na ya Yohana. Siku ya tatu Mulenga alikuja na jembe la kuazima, akaanza kuchimba mwisho wa mstari, peke yake. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Mchana mama mkwe alileta kande kwenye ndoo, akampakulia sahani sawa na zetu, akaja akaniwekea yangu kando yake, kwa kuwa pale tulipokaa hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka kukaa na mmoja wetu. Tulikula bila kuzungumza. Mikono yake ilikuwa imetoa malengelenge, dereva hana mikono ya jembe. Nilimwonyesha jinsi ya kushika mpini. Huo ndio uliokuwa urafiki wetu, na haukuwa na maneno mengi zaidi ya hayo hata miaka ya baadaye, alipooa hapa na kuendesha tena, akawa anasimamisha lori anaponiona ananiuliza hali ya miguu.

Yohana alirudi mvua za kwanza, na mguu uliopinda na fimbo. Alikuwa amesikia yote. Hakuniuliza. Tulikula, tulilala, tulipanda mahindi, na jambo lile lilikaa chumbani kama nira ilivyokaa, limetundikwa, linanuka, hakuna anayelitaja. Mvua zikiendelea nikapata mimba, na nilikuwa sijamwambia. Ikafika siku ya safari yetu ya kwanza, gunia sita tu, Hakimu na yule ndama. Nilishika kamba, yeye akapandishwa juu na Festo, ambaye alifanya hivyo kimya akaondoka. Tulitembea kwenye tope jembamba. Kwenye mteremko nikasikia lori nyuma. Nikawavuta ng'ombe taratibu kwenye mahali pa kwanza pa kutokea, wakaingia, wakasimama. Lori likapunguza, likapita mwendo wa mtu anayetembea, dereva nisiyemjua akainua mkono, nasi tukabaki peke yetu. Nilikuwa nageuka kuwarudisha barabarani Yohana aliposema, "Ngoja."

Alishuka mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu, akiushusha kwanza mguu mzima, halafu fimbo, halafu ule mwingine, na nilijua nisimsaidie. Akaja mbele akichechemea, akasimama karibu nami akitazama masikio ya ng'ombe. "Siku ile," akasema, "nililisikia lori kabla yako. Tangu juu ya mteremko." Akaichukua kamba mkononi mwangu. "Panda juu ukae," akasema, "umetembea mwaka mzima." Nikapanda kwenye magunia. Alituongoza hadi Tunduma kwa mguu ule, hatua moja na fimbo, hatua moja na fimbo, na kila lori liliposikika alitangulia kuwatoa ng'ombe mapema sana, kabla hata halijaonekana. Tulifika jioni, maduka yamefungwa, magunia hatukuweza kuyashusha. Nilimwambia habari ya mtoto pale, tukiwa tumekaa chini ya gari tukisubiri mvua ipungue, na yeye anakandakanda goti lake.